Tupeane uzoefu: usalama wa fundi na wa mteja unapofungua amplifaya, redio au sabwufa

mvita_saketi
Salaam aleikum mafundi, na nyinyi mnaojifunza. Visa vya "siku moja mimi" tuviache barazani. Hapa tia namba, tia sababu, sema kinachoharibika.

Naanza mimi. Kuchomoa plagi hakumalizi stima iliyo ndani. Sabwufa nyingi za siku hizi hazina ile transfoma nzito ya chuma. Zina saplai nyepesi (sehemu inayolisha redio stima) inayopokea volti 240 na kuzigeuza DC, yaani stima ya mwelekeo mmoja, hapo hapo mlangoni. 240 mara 1.414 ni kama volti 340, na zote hukaa kwenye kapasita (kipuri kinachohifadhi chaji) moja nene iliyoandikwa 400V au 450V, karibu na waya wa kuingilia.

Linalowapita wengi ni hili: saplai iliyokufa ni hatari kuliko nzima. Ikiwa nzima, ukichomoa plagi saketi huendelea kuinywa ile chaji na ndani ya sekunde chache imekwisha. Ikiwa imekufa hakuna wa kuinywa. Kama na ile resista (kipuri kinachozuia stima) ya kumwaga chaji imekatika, au haikuwekwa tangu kiwandani, kapasita hukungoja. Na redio iliyokufa ndiyo inayoletwa kwa fundi.

kapasita_tupu
Waaleikum salaam. Nimalizie hapo kwenye kumwaga.

Bisibisi wekeni kando. Ukiunganisha miguu ya kapasita kwa bisibisi unapata mlio, cheche, njia ya shaba iliyoruka kutoka kwenye bodi na pengine kapasita iliyoumia ndani. Hesabu kidogo: kapasita ya mikrofaradi 220 (ndicho kipimo cha ukubwa wake) kwenye volti 340 ni takriban jouli 12.7. Mikrofaradi 10,000 kwenye volti 50 za amplifaya kubwa ni jouli 12.5. Nguvu ni ile ile. Ya kwanza itakurusha, ya pili itayeyusha ncha ya bisibisi na kukurushia chuma cha moto machoni.

Tengeneza kifaa chako mara moja, utakaa nacho miaka. Kwa upande wa volti 340: resista ya ohmu 2,200, wati 10, waya mbili zenye ganda zuri, ncha mbili za kupimia, resista yenyewe uivalishe mpira wa kuzuia stima. Kwa kapasita ya 220, kila nusu sekunde volti hushuka hadi karibu theluthi moja ya zilizokuwapo, kwa hiyo ukishikilia sekunde 5 umemaliza. Kwa amplifaya zenye kapasita za 10,000 tumia ohmu 100, wati 10. Hapo shikilia sekunde 5 hadi 10. Kumbuka zipo mbili, ya chanya na ya hasi. Kijana humwaga moja, akasahau dada yake.

Kisha pima. Kisha ngoja dakika moja upime tena, maana kapasita kubwa hujirudishia volti kidogo zenyewe baada ya kumwagwa. Zikiwa zimerudi, mwaga mara ya pili.

kijana_wa_kisauni
Shikamooni. Naweza kutumia balbu badala ya resista? Nimeona wengi wakifanya.

kapasita_tupu
Marahaba. Ile balbu ya zamani yenye waya ndani, ya wati 60, itamwaga volti 340 na utaiona ikimulika mara moja. Tatizo ni amplifaya. Kwenye volti 40 au 50 huenda usione mwanga wowote, wewe utadhani kapasita ni tupu. Balbu hukuambia "ipo". Haijui kukuambia "haipo". Multimita ndiyo inayojua.

bi_multimita
Na ile testa ya bisibisi yenye kitaa kidogo ndani? Haijui pia, na huyo ndiye muongo mkubwa wa mezani. Kitaa chake huwaka kwa sababu stima ya ukutani hupitia mwilini mwako kwenda ardhini. Redio uliyoichomoa haina njia ya ardhi. Kapasita inaweza kuwa na volti 340 kamili na testa ikae kimya.

Kwa multimita, mambo matatu:

Pima kwanza kitu unachojua kina stima, kisha pima unachotilia shaka, kisha rudi kwenye kile cha kwanza. Waya wa multimita ukiwa umekatika ndani ya ganda, sufuri utakayoisoma ni ya uongo.

Ukitoka kupima ampea, rudisha waya mwekundu kwenye tundu la volti kabla ya kuuweka chini. Ukiusahau kwenye tundu la 10A kisha ukagusa volti 340, umefanya shoti kwa mkono wako. Katika multimita za bei ya chini tundu hilo mara nyingi halina fyuzi, na waya wenyewe ndio huungua.

Tatu, CAT II 600V (daraja la usalama linaloandikwa kwenye multimita) ndiyo ya chini kabisa kwa kazi ya mezani. Lakini maandishi peke yake hayalindi. Angalia ganda la ncha, kama limepasuka tupa.

Nyongeza kwa sisi wa pwani. Jasho. Ngozi kavu huzuia stima vizuri. Ngozi iliyolowa inaweza kushuka hadi ohmu elfu moja, na volti 240 hapo ni miliampea 240. Miliampea 30 tayari ni kiwango kinachotumika kukata stima ya nyumba. Basi futa mikono kwa kitambaa, vaa viatu vyenye soli ya mpira badala ya kukanyaga saruji miguu mitupu, vua pete na mkufu. Unapopima kitu chenye stima, mkono mmoja kazini, mwingine mfukoni. Feni ikupepee wewe, isipeperushe skrubu kwenye bodi iliyo wazi.

mzee_transfoma
Balbu aliyoitaja kijana ina kazi nyingine nzuri zaidi, kuliko hiyo ya kumwagia. Iweke mfululizo kwenye waya wa moto wa ekstensheni ya mezani: stima itoke swichini, ipite kwenye balbu, ndipo iende kwenye soketi ya redio. Nyutro na waya wa ardhi vipite bila kukatwa. Wati 60 kwa redio ndogo, 100 kwa amplifaya. Ukiwasha baada ya matengenezo, soma balbu:

Ikimulika mara moja kisha ikafifia, kapasita zimejaa na hakuna shoti. Unaweza kuendelea kupima.
Ikikaa inawaka sana, kuna shoti. Zima. Anza na dayodi za mlangoni na transista za kutolea sauti.
Isipowaka kabisa, stima haipiti. Tazama fyuzi, swichi na waya.

Balbu za LED na zile za kuokoa umeme hazifai, ni lazima yenye waya wa kuwaka moto. Zile ndogo za halojeni zinafaa. Na saplai nyepesi za kisasa wakati mwingine huwaka na kuzima, kuwaka na kuzima, kwa sababu balbu inazinyima stima; hiyo si lazima iwe hitilafu.

mvita_saketi
Mzee, niongeze hapo maana wapo wanaojiona wamepona kwa sababu balbu ipo. Balbu inaiokoa redio, haikuokoi wewe. Kila kitu upande wa moto, yaani ulioungana na stima ya ukutani, bado kina volti 240 dhidi ya ardhi. Anayetaka kufanya kazi upande huo anunue transfoma ya kutenga, 240 kuingia na 240 kutoka, nyaya zake mbili zisizogusana. Nayo ina masharti: redio moja tu kwa wakati mmoja, na ukigusa nukta mbili kwa pamoja itakupiga kama kawaida. Kile kikata stima cha miliampea 30 hakioni kinachotokea nyuma yake. Hakioni pia ukishika laini na nyutro pamoja bila kugusa ardhi, wala chaji ya kapasita.

Wenye osiloskopu (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya stima): klipu yake ya ardhi imeunganishwa na waya wa ardhi wa ukutani. Ukiishika kwenye upande wa moto bila transfoma hiyo, umeunda shoti ya nyumba nzima.

stepudauni
Mitumba sasa. Mombasa bandari ipo, vitu vinashuka kutoka kila mahali. Amplifaya ya Japani ni ya volti 100. Ya Marekani ni 120. Usitazame plagi, imeshabadilishwa. Tazama kibati cha nyuma. Nyingine zina swichi ya kuchagua volti, na safarini husukumwa ikahama. Ikiwa kwenye 110 halafu ukaichomeka kwenye 240, katika saplai nyepesi saketi ya mlangoni huzidisha volti mara mbili na kapasita mbili za 200V zilizo pale hupasuka. Kapasita inayopasuka hurusha mvuke na makaratasi kwa nguvu kupitia ule msalaba wa juu, kwa hiyo usiinamie bodi unapowasha mara ya kwanza. Miwani ya plastiki ni shilingi chache.

Na visanduku vya stepu-dauni vya madukani: vingi vina waya mmoja tu uliozungushwa, kwa hiyo upande wa 110 bado umeungana na laini ya ukutani. Vinapunguza volti tu, havitengi. Msidanganyike na neno transfoma.

chumvi_ya_kusi
Hewa yetu ina chumvi, na chumvi ikipata unyevu hupitisha stima. Redio iliyokaa dirishani upande wa bahari, Nyali au Likoni, huwa na vumbi lenye chumvi kati ya njia za shaba pale mlangoni, na swichi yenye ukijani ndani. Stima hutambaa juu ya vumbi, hukausha njia, huichoma ikawa makaa, na makaa yenyewe hupitisha stima. Ukiona mstari mweusi kati ya miguu ya fyuzi na kitu cha jirani, kuusafisha hakutoshi; kwangua hadi ubao mweupe uonekane au badilisha bodi. Tumia pombe ya aisopropili 99 na brashi. Petroli na thina hapana, mvuke wake hushika moto kwa cheche moja ya chuma cha solda. Baada ya kuosha, acha ikauke kabisa kabla ya stima au solda, maana pombe nayo hushika moto.

Jingine ni ile gundi ya kiwandani inayoshikilia kapasita. Ikiwa mpya huwa ya rangi ya maziwa. Ikizeeka kwa joto hugeuka kahawia, hula miguu ya vipuri na huanza kupitisha stima. Ikiwa kahawia, ikwangue yote hata kama redio inalia vizuri.

bi_multimita
Tusisahau atakayeichomeka nyumbani. Humu ndimo mafundi wanamoua watu bila kujua.

Kile kidonge cha buluu kinachoruka kutoka upande wa moto kwenda upande wa spika kimeandikwa Y1 au Y2. Kikifa kwa shoti, bati lote la redio na tundu za waya za sauti zinaungana na stima ya ukutani. Kwa hiyo hubadilishwa Y1 kwa Y1, Y2 kwa Y2 tu. Kidonge cha kawaida cha nanofaradi 2.2 kitafanya kazi, na hilo ndilo baya lake. Kile kisanduku chenye maandishi X2, 275V, nacho X2 kwa X2. Kapasita ya kawaida ya 400V huko hupasuka au huwaka moto.

Mteja akilalamika bati linamwashawasha vidole, pima kwanza. Kidonge cha Y cha 2.2 kinapitisha kama miliampea 0.17, ni kawaida kwa redio isiyo na waya wa ardhi. Kuuma kwa kushtua si kawaida.

Fyuzi: T2A (ampea 2, inayokata taratibu) kwa T2A, na kama ilikuwa ya kauri rudisha ya kauri. Ya kioo haiwezi kukata shoti kubwa, hupasuka na moto ukaendelea ndani. Kwenye plagi ya pini tatu tia 3A. Kwa waya mwembamba wa sabwufa 13A inamaanisha waya utaungua kabla ya fyuzi. Waya wa ardhi usikatwe ili kuondoa mvumo. Mvumo huondolewa kwenye waya za sauti. Na mwambieni mteja aache kufungua soketi kwa kalamu ili aingize plagi ya pini mbili.

mzee_transfoma
Transfoma ya duara: ile bolti ya katikati isiguse mfuniko kwa juu huku imefungwa bati kwa chini. Inakuwa mzunguko mmoja wa shoti, na transfoma huchemka hadi kuungua. Mfuniko uliobonyea unatosha kufanya hivyo.

kijana_wa_kisauni
Na mvuke wa solda?

chumvi_ya_kusi
Ni mvuke wa dawa iliyo ndani ya waya, huchokoza mapafu na mwenye pumu huathirika haraka. Feni ivute moshi uende upande, isikupulizie usoni. Madini ya risasi yenyewe hubaki vidoleni. Osha kwa sabuni kabla ya viazi karai, na kikombe cha kahawa kisikae mezani.

kapasita_tupu
Mtu akinaswa: zima stima ukutani kwanza. Ikishindikana msukume kwa ubao mkavu, usimshike kwa mkono. Asipopumua, minya kifua katikati mara 100 hadi 120 kwa dakika huku mwingine akipiga 999 au 112. Aliyepigwa vibaya aende hospitali hata akisema yuko sawa, moyo unaweza kupoteza mdundo baadaye.

kijana_wa_kisauni
Swali la mwisho. Nikishamaliza amplifaya, natia spika za mteja moja kwa moja?

mzee_transfoma
La. Pima kwanza kutoka pini ya laini na ya nyutro hadi bati, redio ikiwa imechomolewa na swichi yake imewashwa: kwa mega (kipimo cha uzuiaji wa stima) ya volti 500 upate zaidi ya megaohmu 1, au 2 kwa redio isiyo na waya wa ardhi. Pini ya ardhi hadi bati iwe chini ya ohmu moja. Kisha washa kupitia balbu bila spika, upime DC kwenye matundu ya spika. Chini ya milivolti 50 ni salama. Ikipita 100 kuna jambo. Transista ya mwisho iliyokufa hupeleka volti 35 za DC kwenye spika, koili yake hugeuka jiko na karatasi hushika moto. Ukipita hapo tia resista ya ohmu 8, wati 50 badala ya spika, iache saa nzima mfuniko ukiwa umefungwa, upime tena ikiwa moto. Ukikuta milivolti 12 kulia na 400 kushoto usifunge skrubu, rudi kwenye zile transista mbili ndogo za mwanzo za upande wa kushoto.