Tangawizi ya maua mwaka wa pili haijatoa hata ua moja, nifanyeje?

Mgosi wa Makorora: Wakuu habarini. Tatizo ni dogo lakini linaninyima usingizi. Uani nina ile tangawizi ya maua meupe, ile inayonukia usiku hadi jirani anafungua dirisha. Nilipewa vipande vyenye macho, nikapanda masika ya mwaka jana chini ya mwembe. Majani yamestawi, maua hakuna. Mwezi ujao mama mkwe anakuja kutoka Pemba na mke wangu ameshamtangazia hayo maua. Nimenunua mbolea ya dukani, sijaiweka. Niweke? Msaada tutani.

Chatu Mpole: Weka picha kwanza.

Binti Muheza: Kivuli cha mwembe kimezidi. Ipate jua la asubuhi, na udongo usikauke. Yangu nimeipanda pale maji ya bomba yanapomwagika, sina habari nayo.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo: Sisi wakati wetu hatukuwa na matangawizi hayo. Asumini, kilua, mkadi na mrehani, basi. Bibi yangu akifunga vikuba magharibi, nyumba inanukia mpaka alfajiri. Mama mkwe wa Kipemba mtandikie asumini kitandani mwanangu, hilo jingine atadhani umemwekea mboga.

Fundi Baiskeli: Mkuu rahisi tu. Ua la hiyo kitu ukilihesabia siku moja limenyauka. Mwambie mkweo yalichanua jana, atakupingaje?

Chuma Chakavu: Mjomba wangu alisoma Cuba. Huko ndilo ua la taifa, wanaliita mariposa, yaani kipepeo. Wanasimulia kwamba wakati wa vita na Wahispania wanawake walificha barua za wapiganaji ndani ya hayo maua kichwani. Mjomba alirudi na shahada na mikanda ya rumba, mbegu hakuleta.

Jembe Butu: Tuache mikanda ya rumba. Mgosi, mashina yana kimo gani? Ya mwaka mzima yanatakiwa yakufike kifuani au yakupite.

Mgosi wa Makorora: Magoti hivi.

Jembe Butu: Magoti? Mbuzi wanakula, au unakata?

Mgosi wa Makorora: Mbuzi hakuna. Je, ile mbolea niweke gramu ngapi?

Jembe Butu: Nimekuuliza, unakata?

Mgosi wa Makorora: Sawa, nakata. Kila mwisho wa mwezi napitisha panga, nasawazisha juu kama michongoma. Lakini nina sababu. Mke anaogopa nyoka, na baba mwenye nyumba hataki uani pawe kichaka. Halafu mmea ukipogolewa si ndiyo unachipua zaidi?

Jembe Butu: Mchongoma, ndiyo. Huu ua lake linatoka nchani, shina likishakomaa. Wewe kila mwezi unalikata kichwa. Shina ulilokata juu halitoi ua tena, limekwisha hilo, usubiri lingine litoke chini. La kukata ni lile lililokwisha kuchanua, tena ulikate usawa wa ardhi ili lipishe machipukizi. Weka samadi iliyooza, mwagilia, panga lifunge kabatini. Ila mwezi ujao usahau, hapo ni suala la miezi kadhaa.

Mgosi wa Makorora: Kijana wa kufyeka nimeshamlipa, anakuja Jumamosi. Akate hii ya mwisho, halafu nianze upya?

Jembe Butu: Wewe umekuja kuomba ushauri au ruhusa?

Chatu Mpole: Na nyoka hafuati harufu ya ua. Anafuata panya na vyura. Safisha jikoni.

Mlinda Msitu: Mimi nakuomba ung'oe kabisa. Nimekulia karibu na bustani ya Amani, ile ya Wajerumani ya 1902. Mti wa msizi uliletwa kupandwa tu, leo umejaa msituni bila kualikwa. Na hizi tangawizi, Afrika Kusini zimo kwenye orodha ya mimea vamizi, na New Zealand ile ya maua ya njano hairuhusiwi hata kuuzwa. Kipande kidogo kikisombwa na maji kinaota huko kilikofika. Mabaki usitupe mtoni.

Binti Muheza: Mwenzio hata ua moja hajaliona, unamfungulia kesi ya uvamizi.

Kumbukumbu Kali: Ngojeni. Huyu si ndiye aliyeleta uzi mwezi wa pili akiuliza mahari ya binti wa Kipemba? Alisema hajaoa, anakaa gheto la chumba kimoja. Leo ana mke, mkwe, mwembe na kijana wa kufyeka. Na picha hadi sasa hakuna.

Fundi Baiskeli: Chai hii. Leteni vitumbua.

Mgosi wa Makorora: Akaunti hii tunatumia wawili na kaka yangu. Wa mahari ni yeye.

Kumbukumbu Kali: Na kaka naye alimalizia "msaada tutani".

Bi Mkubwa wa Ng'ambo: Waacheni. Huyo binti wa Kipemba alipatikana?

Mgosi wa Makorora: Shikamoo Bi Mkubwa. Alipatikana, ndiye huyu anayeogopa nyoka.

Kumbukumbu Kali: Msalimie kaka yako.

Mgosi wa Makorora: Kijana nimempigia, Jumamosi haji. Hela hajarudisha. Picha kesho, simu haina chaji.