Mrejesho: zoezi la kutuliza mawazo, baada ya wiki 6

Niliwauliza iwapo anayeanza kujifunza sihiri anaweza kuruka mazoezi ya kutuliza akili, kwa kuwa dakika 5 tu zilinishinda. Mlinishauri nianze kwa kuyatazama mawazo yakipita bila kuyafukuza, kisha nishike wazo moja, na mwisho nikae bila wazo lolote. Hapa Kondele, Kisumu, huketi alfajiri kabla bodaboda hazijaanza kunguruma, nikihamisha punje ya mahindi kutoka bakuli moja hadi jingine kila fikira inapochepuka: siku ya kwanza nilihesabu punje 38, jana 9. Kukodolea mshumaa nimeacha, maana macho yalitoka machozi, na mbu wa huku hawana adabu. Hatua ya tatu bado inanishinda.