Mrejesho: Safari ya RV South Dakota, mimi na mzee

Wapendwa, niliuliza hapa kama mimi na mume wangu tukodi RV (gari kubwa lenye kitanda, jiko na choo ndani) toka Minneapolis, Marekani, twende Badlands (hifadhi ya miamba) na Mount Rushmore (mlima uliochongwa sura za marais wa Marekani), na kama lile dude litapita barabara za milimani. Tumeenda, tumerudi, na ndoa bado ipo 😂

Aliyesema tusithubutu Needles Highway, barabara nyembamba ya milimani kule, na RV Mungu ambariki, maana handaki la Needles Eye lina upana wa futi 8 tu, RV tukaiacha kambini tukapewa lifti na majirani wenye gari dogo, wakakunja vioo vya pembeni na bado nilifumba macho.

Rushmore zile sura 4 za marais zilichongwa 1927 hadi 1941, nzuri ila nusu saa umemaliza, na parking unalipia hata kama una pasi ya mwaka ya hifadhi. Halafu milima yenyewe Walakota, wenyeji wa asili wa huko, waliahidiwa kwa mkataba wa 1868, dhahabu ikaonekana, mnajua ilivyoisha, wakanyang'anywa.

Badlands sasa!! Jua likishuka ile miamba inatoa mistari myekundu na ya njano, mzee akasahau hadi ugali jikoni.

Na mlioulizia maji machafu ya choo, kumwaga ni kazi ya mzee, mimi nilishika tochi.