Kofia ya chuma ya babu hainasi sumaku. Ni feki?

MjukuuWaKeya:
Mbukwenyi wakuu. Naandika nikiwa Mpwapwa, nyumbani kwa marehemu babu. Babu alikuwa keya, yaani askari wa Kiafrika katika jeshi la Mwingereza. Alipigana Burma mwaka 1944, bonde la Kabaw, akarudi na kofia ya chuma. Sisi wajukuu tumekua tunaiona uani, bibi anawawekea kuku maji.

Jana kapita mnunuzi wa skrepa na toroli, baba mkubwa akaitoa iuzwe. Yule kijana akatoa sumaku, akaigusisha utosini, ikaanguka. Akajaribu ukingoni, ikaanguka tena. Akasema hiki si chuma, ni kitu cha maigizo, atalipa buku mbili. Nimezuia kwanza. Roho imeniuma kwa sababu babu hakuwa mtu wa uongo.

Ni pana kama sahani, ina kilo moja na ushee. Chini ya ukingo pamegongwa herufi na 1941. Rangi ina chembechembe. Mwenye ujuzi anisaidie.

FundiKokoto:
Usiiuze, mdogo wangu! Sumaku kutonasa ndiyo dalili nzuri yenyewe. Hicho ni chuma cha manganizi, yaani chuma kilichochanganywa na madini ya manganizi.

Mimi ni fundi wa mashine za kusaga kokoto hapa Dodoma, na mataya yake ni ya chuma cha jamii hiyo hiyo. Ukiletewa taya jipya, sumaku haina habari nalo. Ukijaribu kulitoboa kwa drili, biti inalia na kuteleza, na pale ilipogusa panakuwa pagumu kuliko mwanzo. Ndiyo tabia yake: kikigongwa, juu kinakomaa, ndani kinabaki na ustahimilivu, kwa hiyo kinabonyea badala ya kupasuka kama chungu. Kwa kichwa cha askari, hapo ndipo penye uhai.

Aliyekivumbua ni Robert Hadfield wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1882. Katika kila sehemu 100, manganizi ni kama 12. Kofia hizi za jeshi la Uingereza alizibuni John Brodie mwaka 1915, na za mwanzo kabisa zilikuwa za chuma laini cha kawaida. Hizo sumaku ingenasa. Mwaka huohuo wakahamia manganizi. Tena za mwanzo ukingo ulikuwa mtupu, mkali. Mwaka 1916 ndipo zikaanza kuvishwa utepe wa chuma pembeni. Pitisha kidole ukingoni kwa babu, utausikia.

Umbo la sahani nalo lina sababu: bakuli lisilo na kina linatoka kwa pigo moja la mashine, na vitani walihitaji nyingi kwa haraka.

Kwa mwaka huo 1941, yako ni Mark II, yaani toleo la pili. Bakuli ni lilelile la vita ya kwanza ya dunia, kilichobadilika zaidi ni pedi za ndani na mkanda wa kidevu. Chungulia kama katikati ya utosi kuna skrubu moja.

MamaNzuguni:
Hizo chembechembe msizisugue jamani. Rangi ilichanganywa na vitu kama mchanga makusudi, kofia isimetemete juani adui akaiona.

Mstaafu_Kondoa:
Naongezea kidogo. Wajerumani nao walibadili ukingo wa kofia zao, ila kwa kubana matumizi: toleo lao la 1942 waliacha kukunja ukingo kwa ndani, wakauacha umekatwa tu. Lakini chuma chao sumaku inanasa. Huyo kijana wa skrepa pengine hajawahi kukutana na manganizi, msimlaumu sana.

MjukuuWaKeya:
Nimerudi wakuu. Utepe upo, nimeusikia, una kiungo kimoja. Pedi zimekwisha zote ila skrubu ipo, imeshika kutu. Nimemwita baba mkubwa nikampa sumaku ajaribu mwenyewe, kwanza kwenye jembe, kisha kwenye kofia. Amekaa nayo mapajani muda mrefu. Mwishowe kaniambia nimtafutie bibi beseni la kuku.