Mguu wavimba, kope zachoma jicho: ni matende kweli?

Mama Zuu, Muheza
Habari za humu ndugu zangu. Binti yangu ana miaka 14. Tangu mwaka jana mguu wa kushoto unavimba, ikifika jioni kiatu cha shule hakimwingii, na ukibonyeza kwa kidole panabaki kishimo. Mtaa mzima unasema matende. Tulipima damu usiku, vijidudu havikuonekana. Halafu macho: toka mdogo yanamtoa machozi, jua halitaki. Tuliambiwa vikope, akapewa dawa ya kupaka. Juzi namsuka karibu na dirisha, nikaona nyuma ya kope zake za kawaida kuna mstari mwingine, nywele nyembamba zimelalia jicho lenyewe. Baba yake ana miguu hiyo hiyo, na marehemu bibi yake pia. Jicho na mguu vinahusiana?

Fundi Cherehani
Vinahusiana, dada. Mimi ninao. Ni ugonjwa wa ukoo, jeni yake inaitwa FOXC2, ilijulikana mwaka 2000. Kope hizo mtoto huzaliwa nazo, huota kwenye vitundu vya tezi za mafuta ukingoni mwa kifuniko cha jicho. Mguu husubiri hadi kubalehe. Mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ana nusu kwa nusu ya kuurithi. Mimi kope hung'olewa kwa kibano kliniki ya macho, baada ya wiki chache zimerudi. Wapo wanaochomwa mizizi kwa umeme au kugandishwa kwa baridi kali. Usiziache, zinakwangua kioo cha jicho.

Nesi Pongwe
Mama Zuu, kipimo peke yake hakiondoi matende, maana mwenye matende ya siku nyingi naye huweza asionekane na vijidudu. Lakini mguu, kope na ukoo vikikutana hivyo, mwambie daktari yote matatu kwa pamoja. Kwenye vikope ni kope zile zile za kawaida zinazopinda ndani kwa kovu. Safu ya pili ni jambo jingine. Na ngozi, tafadhali: osha mguu kila siku kwa sabuni, kausha hadi katikati ya vidole, paka mafuta, tibu fangasi mapema. Siku mguu ukiwa mwekundu, wa moto, na homa ya kutetemeka, msilale nyumbani, anahitaji antibayotiki. Bandeji ya kubana afungwe na anayejua.

Mama Zuu, Muheza
Asanteni sana. Jana usiku nimemmulika baba yake kwa tochi ya simu. Anazo, nne jicho la kulia. Miaka yote akisema ni vumbi la mkonge.