Wauza giaboksi used wa Arusha, mkibandua kibati mnatuuzia nini?

Wakuu, salamu baadaye. Nikianza na salamu nitatukana.

Kuna muuzaji wa spea used pande za Unga Limited, Arusha. Jina naliacha, maana nikilitaja uzi utafutwa na yeye atapona. Nimemlipa milioni moja na laki mbili kwa giaboksi ya otomatiki ya Peugeot 504 saluni. Alichonitumia Moshi ni giaboksi ya BMW. Imepigwa rangi ya silva, inang'aa kama sufuria la kwenda kwenye harusi, na pale ubavuni kushoto panapokaa kibati cha namba pamebaki matundu ya ribiti tu.

Kwa wasioelewa kwa nini nafoka. 504 zilizojaa huku enzi zile, za serikali, za misheni, na zile ndefu za abiria kule Kenya, karibu zote ni za gia za mkono. Otomatiki ni ya kutafuta kwa tochi. Na giaboksi yenyewe Peugeot hawakuitengeneza, waliinunua kwa ZF, Wajerumani wa Friedrichshafen. Gari lilipotoka mwaka 1968 otomatiki yake ilikuwa 3HP12, baadaye ikaja 3HP22. Hiyo tatu ya mwanzo ni gia tatu za mbele. Sasa ZF hao hao wakawauzia BMW 3HP22 hiyo hiyo, ikaingia kwenye E21, ile BMW 3 ya miaka hiyo, na ndugu zake. Mwili wa katikati ni ule ule. Ukiitazama ubavuni, imeshaoshwa na kupakwa rangi, huwezi kusema ni ya nani. Ndiyo maana kile kibati kipo! Namba iliyogongwa pale ndiyo inayosema hii ilipangwa kwa gari gani na injini gani, maana hata valvubodi na gavana ndani vimepangwa kufuata injini, gia ibadilike wakati unaotakiwa.

Tofauti nyingine ziko mbele na nyuma. Mbele ni belihauzi, lile kava linaloshika giaboksi kwenye injini: injini ya petroli ya 504 imelazwa ubavu nyuzi 45, ile ya BMW ya silinda nne imelala nyuzi 30, kwa hiyo matundu ya bolti hayakutani hata ukiyaombea. Nyuma ndiko mtoto wa darasa la saba anaona. Propela ya 504, ule mhimili unaopeleka nguvu nyuma, imefichwa ndani ya bomba la chuma, na bomba hilo linafungwa kwenye mkia wa giaboksi mpaka kwenye difu. BMW propela iko wazi, inafungwa kwenye flenji. Fundi wangu hapa Pasua hakushika hata spana. Alifunua turubai, akatazama mkia, akaniuliza, "Mzee, BMW umenunua lini?"

Nikampigia muuzaji. Majibu yake nayaandika kama yalivyo:

"Bosi, hiyo ni ZF. ZF ni ZF. Badilisha belihauzi tu."

Belihauzi ya 504 otomatiki naitoa wapi, chalii yangu? Ni kweli inafunguka, ZF waliitenga na mwili, lakini anayeuza belihauzi ya 504 peke yake yuko wapi? Nikamuuliza na mkia je. "Fundi atachonga." Achonge nini? Nikamuuliza kibati. "Tulivyoosha kilidondoka." Kitu kilichopigwa ribiti kinadondoka kwa petroli na brashi?

Na msiniambie ningeomba picha kwanza. Niliomba, kabla ya kutuma hata shilingi. Akanitumia picha safi kabisa: giaboksi chafu ya grisi, kibati kipo, namba inasomeka, mkia ni wa bomba. Nilivyorudi kuzikagua kwa utulivu, nyuma ya ile giaboksi kuna gari lenye namba za Ufaransa. Yaani mtu kachota picha za tangazo la watu huko, kanitumia kama mzigo uko stoo kwake.

Mafundi wa Arusha niliozungumza nao wanasema kubandua kibati ni mchezo wa kawaida kwa baadhi ya wauzaji. Kikiwepo, giaboksi ina mteja mmoja. Kisipokuwepo, wa Peugeot anauziwa, wa BMW anauziwa, atakayekuja kesho naye anauziwa. Wanafuta kitambulisho cha mzigo halafu wanakuuzia kwa mdomo.

Ukutani kwake ameandika "mali ikitoka hairudi". Hilo kamwambie aliyebadili mawazo. Mimi sijabadili mawazo, nimeletewa kitu kingine. Risiti ya mkono ninayo, imeandikwa kwa mwandiko wake "giaboksi 504 auto". Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inataka kitu kilichouzwa kwa maelezo kifanane na maelezo hayo. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nilimwomba, akasema mashine ina matatizo. Mashine za mji ule zina matatizo ya ajabu, zinaumwa siku za kuuza tu.

Mwenye 3HP22 ya 504 yenyewe, awe Moshi, Arusha, Tanga au hata ng'ambo ya Holili, aje PM. Usiioshe. Nataka picha ya ubavu wa kushoto ilivyo na grisi yake, picha ya mkia, na karatasi pembeni yenye tarehe ya leo. Toki konveta, ile inayokaa mahali pa klachi, iwe ndani, sitaki kuuziwa nusu nusu. Bei tutaelewana.

Na wewe wa Unga Limited, najua humu unapita. BMW yako iko gereji Pasua, haijaguswa. Rudisha pesa yangu uichukue, na usafiri wa kuirudisha Arusha ni juu yako.