Naomba ushauri: "neema yangu yakutosha" inatumikaje mtu akiwa hoi?

Mwanzi: Bwana asifiwe, wapendwa. Mwenye ugonjwa usioisha au moyo uliochoka huambiwa "neema yake yakutosha", kisha watu wanaondoka. Je, aache kuombea uponyaji? Na asubuhi akishindwa hata kusali, aanzie wapi? Naomba hatua, maana maneno ya kutia moyo yapo tele.

Mjoli: Asome 2 Wakorintho 12 kuanzia mstari wa 7, asirukie wa 9. Paulo alikuwa na "mwiba katika mwili", taabu iliyomtesa, akamsihi Bwana mara tatu umtoke kabla ya kujibiwa "neema yangu yakutosha", kwa hiyo kuomba uponyaji si uhaba wa imani. Halafu aangalie vitenzi vya mstari wa 9: "yakutosha", si "itakutosha", "hutimilika", ile *hu-* ya jambo la siku zote. Neema haingoji mwiba ung'oke. (Mwiba ulikuwa nini Biblia haisemi. Anayeapa kwamba ni macho anakisia.)

Kisima: Kwa sala, Zaburi ya 13. Mistari sita tu. Wa 1 na 2 ni malalamiko, "hata lini" mara nne. Wa 3 na 4 ni ombi. Wa 5 na 6 ni tumaini. Aandike sentensi mbili kwa kila sehemu, kwa maneno yake. Wengi hukosea kwa kukimbilia tumaini kabla hawajalalamika, sala ikawa ya kuigiza.

Mwanzi: Na siku ambayo mstari wa 5 haumtoki mdomoni?

Kisima: Aishie wa 4. Zaburi ya 88 inaishia gizani na bado ni sala. Maneno yakikosekana kabisa, Warumi 8:26: Roho huomba kwa kuugua. Akae kimya dakika tano, inatosha.

Taa: Mmesahau mwili, ndugu zangu. Katika 1 Wafalme 19 Eliya anaomba afe, na malaika hamhubirii. Anampa mkate na maji, Eliya analala tena, anaamshwa, anakula mara ya pili. Swali la "unafanya nini hapa?" linakuja baadaye, mlimani Horebu. Basi usingizi na chakula vitangulie mazungumzo. Dawa asiache, Paulo huyohuyo alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo. Na anayewaza kujiua asiachwe peke yake na zaburi: mtu akae naye, afikishwe hospitali siku hiyohiyo.

Mjoli: Nyongeza. Mstari wa 10 wa 2 Wakorintho 12 unataja udhaifu, ufidhuli, misiba, adha na shida. Dhambi haimo. Hasira ya kupiga watu nyumbani si mwiba wa kujisifia, hiyo inatubiwa. Hapo ndipo aya hii inapoharibiwa sana.

Nuru: Kutoka 17:12. Israeli wakipigana na Amaleki, Musa aliinua mikono; ilipokuwa mizito, Haruni na Huri waliishika, huyu upande huu na huyu upande huu, hata jua likachwa. Achague watu wawili, si kundi zima la WhatsApp, na aombe kitu mahususi: "Jumanne saa mbili usiku nipigie, unisomee zaburi, mimi sitaongea." "Niombeeni" tupu hupotea hewani.

Mwanzi: Na lile jiwe walilomwekea Musa katika mstari huohuo?

Nuru: La kukalia. Musa aliketi, vita ikaendelea. Mgonjwa naye apunguze zamu kanisani, na asiombe radhi kila Jumapili.